Ahadi tatu za Ngũgĩ na ujumbe wa mistari minne

Ujumbe ulikuwa wa mistari minne tu, ukiwa na ile alama ya mishale miwili inayokujulisha kuwa umekwisha kupita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ulidai kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alituhubiria tuache Kiingereza huku yeye akila mshahara wa profesa wa Kiingereza huko California. Kwamba watoto wake wenyewe ni waandishi wa Kiingereza. Kwamba waliomsikiliza ndio walioachiwa lugha isiyowavusha hata mji wa Naivasha. Ukamalizia kwa methali: mganga hajigangi.

Ilikuwa siku mbili baada ya mzee kufariki. Alifia Buford, jimbo la Georgia nchini Marekani, tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Kundi letu la WhatsApp ni la wafasiri na walimu wa Kiswahili, Wakenya na Watanzania nusu kwa nusu, na siku za kawaida ugomvi wetu mkubwa ni kama tuseme "tarakilishi" au "kompyuta". Siku hiyo lilijaa pole na picha. Aliyeuleta ujumbe ule ni mwalimu wa sekondari kutoka Bungoma, mtu mpole, ambaye sote tunamwita Mwalimu ingawa karibu sote ni walimu. Chini yake aliongeza neno moja la kwake: "Mnasemaje?"

Nami nikasema. Nilituma jumbe kumi na moja mfululizo, na leo nikizisoma naona haya. Nilianza na kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, alikozaliwa tarehe 5 Januari 1938. Nikaingia gereza la Kamiti, alikowekwa bila mashtaka kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na riwaya aliyoiandika humo kwenye karatasi za chooni. Nikasimulia uhamisho wa miaka 22, kisha Agosti 2004, aliporudi Nairobi na kuvamiwa na watu wenye silaha, yeye na mkewe, katika nyumba walikofikia. Nilimaliza kwa kuuliza, kwa majivuno fulani, ni nani kati yetu amelipia imani yake kiasi hicho.

Mwalimu alijibu baada ya saa nzima. "Ndugu yangu, sijasema hakuteseka. Nimesema hakutenda alichohubiri."

Na hapo alikuwa sahihi. Mtu ameuliza kama hesabu imejumlishwa vizuri, mimi nikamwonyesha makovu ya mwenye hesabu. Mateso yanathibitisha kuwa serikali ilikuwa katili na kuwa mtu alikuwa jasiri. Hayathibitishi kwamba alilosema lilikuwa kweli, wala kwamba yeye mwenyewe alilifuata. Nikaizima simu na kwenda kutafuta kitabu.

Aliahidi nini hasa

Neno mnafiki lina masharti yake. Huwezi kumvika mtu kabla hujaonyesha aliahidi nini. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza. Alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2021 kulikuwa na minong'ono mitandaoni kwamba huyu si wetu, mbona haandiki Kiswahili. Unaweza kusikitika, unaweza hata kununa, lakini mnafiki huwezi kumwita, kwa sababu hakumwahidi mtu kitu. Riwaya yake iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi* mwaka 2022 tuliipokea kama zawadi. Haikuwa deni lililochelewa.

Ngũgĩ aliahidi, tena kwa maandishi. Mwanzoni mwa kitabu chake cha 1986 kuhusu kuondoa ukoloni akilini kuna tamko fupi, halifiki ukurasa mmoja, na ningetamani kila anayemshutumu na kila anayemtetea alisome kabla ya kugusa simu. Anasema humo kwamba mwaka 1977, baada ya kuchapisha *Petals of Blood*, aliagana na Kiingereza katika riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Anakiri kuwa aliendelea kuandika insha na maelezo kwa Kiingereza. Kisha anasema kitabu hicho ndicho kwaheri yake kwa Kiingereza katika maandishi ya aina yoyote: kuanzia sasa ni Kikuyu na Kiswahili mwanzo mwisho. Na anaacha mlango mmoja wazi, tafsiri, ili aendelee kuzungumza na watu wote.

Lile neno "tuache Kiingereza" halimo. Halimo katika tamko, na mimi silioni katika mafundisho yake. Alichokuwa akikirudia kila alipopewa kipaza sauti ni kwamba anayejua lugha zote za dunia asijue ya kwao amefungwa, na anayeijua ya kwao kisha akaziongezea nyingine amejengwa. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ujumbe ule ulikuwa umemvisha maneno yasiyokuwa yake. Mshahara wa California nao unapungua uzito ukilisoma tamko vizuri. Aliagana na kuandika kwa Kiingereza. Kukijua au kukizungumza darasani ni jambo jingine. Ni kweli cheo chake huko Irvine, katika Chuo Kikuu cha California, kilikuwa na neno Kiingereza ndani yake, pamoja na fasihi linganishi, na inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba mwaka 1968, pale chuo kikuu jijini Nairobi, yeye na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba ndio waliopendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe. Acha tucheke.

Lakini tamko likisomwa vizuri linamkata pia mtetezi wake. Ukilifungua unakuta ahadi tatu, na kila moja ina hesabu yake.

Ya kwanza, ya riwaya, aliitimiza. *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ilitoka 1980, *Matigari ma Njirũũngi* 1986, *Mũrogi wa Kagogo* ikaanza kutoka 2004 kwa mafungu, na *Kenda Mũiyũru*, utenzi wa mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu katika masimulizi yao, ikaja 2018. Zote zilizaliwa kwa Kikuyu, Kiingereza kikafuata kama tafsiri, mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Tafsiri ya hiyo ya mwisho iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021, na yeye akiwa ameorodheshwa kama mwandishi na kama mfasiri. Mtu aliyeachiwa milango yote ya wachapishaji wa London na New York, akakaa zaidi ya miaka arobaini akiandika riwaya kwanza kwa lugha ambayo mhariri wake wa ng'ambo hawezi kusoma hata sentensi moja, huyo huwezi kusema alikuwa akitania.

Ya pili hakuitimiza. Kumbukumbu za maisha yake, vitabu vitatu vya 2010, 2012 na 2016, aliviandika kwa Kiingereza. Insha pia, kitabu baada ya kitabu, nyingi zikiwa zimeanza kama mihadhara mbele ya wasikilizaji wasiojua Kikuyu. Hiyo ni sababu inayoeleweka. Deni hailifuti, maana alisema "ya aina yoyote", na hakulazimishwa na mtu kusema hivyo. Ningekuwa nimeyaanza mazungumzo yangu na Mwalimu hapa, tungeokoa saa nzima.

Ya tatu ni Kiswahili. Nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kipimo cha 1977

Ungeweza kuishia hapo: ahadi moja kati ya tatu imetimizwa, nyingine imevunjwa, ya tatu bado, toa alama, funga daftari. Ila hapo ungekuwa umemhukumu mtu na kuliacha wazo lake bila kuguswa. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa na mstari mmoja unaolihusu wazo lenyewe, ule wa lugha isiyokuvusha Naivasha. Huo ndio uliostahili jibu refu, na mimi sikuugusa kabisa katika jumbe zangu kumi na moja.

Tazama mwaka 1977 peke yake. Mwandishi ni mmoja, serikali ni moja. Mwezi Julai inazinduliwa *Petals of Blood*, riwaya ya Kiingereza inayowachambua waliokula uhuru wa Kenya bila kuwaachia hata mfupa. Anayeizindua ni Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa serikali hiyo hiyo. Watu wanapiga makofi. Tarehe 2 Oktoba inafunguliwa *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliujenga kwa mikono yao, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Waigizaji ni vibarua, wafanyakazi wa viwandani na mashamba ya chai ya Limuru, watu wasio na kazi. Kisa ni cha mkulima Kĩgũũnda na kipande chake cha ekari moja na nusu anachomezewa mate na tajiri. Ukipima ukali kwa maneno, riwaya ni kali zaidi. Tarehe 16 Novemba kibali cha kuigiza kinafutwa. Usiku mmoja mwishoni mwa Desemba polisi wako mlangoni kwa mwandishi.

Kwa hiyo lugha ya kienyeji haivuki Naivasha? Serikali ya Nairobi haikuliona hivyo. Iliona kwamba Kiingereza ndicho kisichovuka, kwamba lawama iliyoandikwa kwa Kiingereza inabaki miongoni mwa watu wa hoteli na vyuo, walioshiba au wanaotarajia kushiba. Ni ile ya Kikuyu iliyoshuka kwenye mashamba ya chai.

Mmoja wetu kundini, dada anayefundisha sanaa za maonyesho, alinikata kauli nilipolieleza hili. Alisema nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo: lugha na umbo. Pengine kilichoitia serikali hofu ni jukwaa na umati, lugha haikuwa na shida. Nililipenda pingamizi hilo kuliko sifa zote nilizopata siku ile. Jibu langu ni tamthilia kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni wa Waingereza, aliyoiandika na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Iliigizwa kwa Kiingereza katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi mwaka 1976. Palikuwa na mvutano juu ya siku za kutumia ukumbi, lakini hakuna mtunzi aliyepelekwa Kamiti kwa ajili yake. Jukwaa lilikuwepo, umati ulikuwepo, shujaa alikuwa wa Mau Mau. Kilichokosekana ni lugha ya wale ambao Mau Mau ilipiganwa mashambani kwao. Dada alisema bado hajaridhika kabisa, kwa sababu Ukumbi wa Taifa si kijijini, na hapo pia umebadilisha vitu viwili. Ni kweli. Sina jaribio safi zaidi ya hilo.

Kuhusu wasomaji, hapo nina hesabu. *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ile ya karatasi za chooni, ilichapishwa Aprili 1980. Wachapishaji walitoa nakala 5,000 wakitumaini kuziuza kwa miaka mitatu hadi mitano. Ndani ya mwezi mmoja wakachapa 5,000 nyingine, na kabla ya Desemba 5,000 tena. Ngũgĩ alieleza jinsi ilivyosomwa: katika familia kila jioni, yule ajuaye kusoma akiwasomea wengine, kwenye mabasi, na katika baa, ambako msomaji alisoma mpaka glasi yake ikakauka, naye akaifunga midomo mahali patamu kabisa, mpaka mtu amwagizie nyingine. Mimi nimehariri vitabu kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia mtu akinunuliwa hata soda kwa kitabu nilichohariri.

Halafu kuna Matigari. Mhusika huyu wa riwaya anatoka msituni kudai nyumba aliyoijenga, akizunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki viko wapi. Mapema 1987, kama Ngũgĩ mwenyewe alivyosimulia, taarifa zilifika serikalini kwamba wakulima wananong'ona habari za mtu aitwaye Matigari anayeuliza maswali hayo. Amri ikatoka akamatwe. Polisi wakarudi na habari kuwa mtuhumiwa yumo kitabuni tu. Basi kikakamatwa kitabu; Februari mwaka huo kiliondolewa madukani.

Sauti ya dakika sita

Haya yote niliyaandika upya kwa ujumbe mmoja, mfupi. Nikakiri ahadi ya pili. Kuhusu watoto nilisema kwamba baba haweki saini kwa niaba ya mwanawe, na kwamba huyo mwana anayetajwa sana, Mukoma, profesa na mwandishi wa Kiingereza kweli, ndiye aliyeanzisha pamoja na Lizzy Attree mwaka 2014 tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Baadhi ya watu wa kundi letu wamepeleka miswada yao huko.

Kulitaja jina la Mukoma kulifungua jambo jingine, na nisipolisema hapa nitakuwa nimeficha. Machi 2024 aliandika hadharani mtandaoni kwamba baba yake alimpiga mama yake. Mtu fulani kundini alilileta kama pigo la mwisho: mnamtetea mtu huyu? Wengine wakataka lifutwe, marehemu asemwe kwa wema. Nilikataa yote mawili. Madai yale ni mazito, na anayemwandika Ngũgĩ kama mtu mzima, mwenye nyumba na mke na watoto, hana ruhusa ya kuyaruka. Ila hayawezi kutumika kuamua kama mtoto wa Limuru afundishwe kwa lugha gani. Aliyesema kweli kuhusu lugha anaweza kuwa amekosea vibaya nyumbani kwake, na kulijua la pili hakukusaidii kulipima la kwanza. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema, na niliona kwamba waliosema zaidi hawakuwa wakimfikiria yule mama.

Mwalimu hakuligusa jambo hilo. Alituma sauti ya dakika sita. Kwa mara ya kwanza nikasikia kilichokuwa kinamuuma, na hakikuwemo ndani ya ule ujumbe alioutuma.

Alisema hivi, kwa maneno yangu: Ngũgĩ aliposema rudini kwenye lugha zenu, alikuwa amesimama mahali pazuri. Wakikuyu ni zaidi ya milioni 8 kwa sensa ya 2019, jamii kubwa kuliko zote Kenya. Walikuwa na wachapishaji mjini, wasomi, rais. Nakala 5,000 zikaisha kwa mwezi. "Mimi nikiandika riwaya kwa Lubukusu," akasema, "nani atachapisha hata mia tano? Nyumbani kwa mama yangu kitabu cha lugha yetu ni kimoja, Biblia." Alisema falsafa ile ni tamu kwa wenye lugha kubwa, na kwa wengine ni kama kuambiwa kila mtu alale kitandani kwake na wewe huna kitanda. Na kwamba Wakenya wasio Wakikuyu wamekuwa wakilisema hili miaka yote, na wao ndio wanaoitwa wakabila.

Nilisikiliza mara mbili. Nilikuwa na jibu na nililitoa: kwamba mwaka 2016 hadithi fupi ya Ngũgĩ, aliyoiandika kwa Kikuyu, kuhusu jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima, ilichapishwa na kundi la waandishi vijana la Jalada kwa lugha zaidi ya thelathini kwa mara moja, nyingi zikiwa za Kiafrika, na orodha ikaendelea kukua. Kwamba ndoto yake haikuwa kila mtu chumbani kwake. Ilikuwa lugha hizi zifasiriane zenyewe kwa zenyewe bila kupita London. Mwalimu alisema hadithi ya kurasa chache ni jambo jema. Hakuongeza neno. Ukimya wake ulinijibu vizuri.

Ahadi ya tatu

Kisha akauliza, "Kwani nyinyi wa Kiswahili mnamdai nini?"

Kikuyu na Kiswahili mwanzo mwisho. Alilisema 1986, na hakuna riwaya aliyoiandika kwa Kiswahili. Tulizonazo ni tafsiri: *Shetani Msalabani*, yaani *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, *Nitaolewa Nikipenda*, yaani *Ngaahika Ndeenda*, na nyingine chache. Kiswahili alikisifu, tena kwa upendo. Katika kitabu hicho cha 1986 aliukumbuka mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962, yeye akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tatu, akapata mwaliko. Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote walio hai Afrika Mashariki wakati huo, hakuwa na sifa za kualikwa kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Mwaka 1990 jarida moja la Chuo Kikuu cha Yale lilichapisha makala ya Ngũgĩ kwa Kikuyu, yenye kichwa kinachouliza kama Kiingereza ni lugha ya dunia nzima na kujibu papo hapo: afadhali Kiswahili. Sababu yake ni kwamba Kiswahili kimeenea bila kuzikanyaga lugha nyingine, hakina historia ya kutawala.

Waswahili tunaipenda sana sentensi hiyo. Tunainukuu kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani. Nami nilikuwa naiandika ili nimtumie Mwalimu kama ushahidi wa moyo mweupe wa mzee, nikasita katikati.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Bibi yangu mzaa baba aliota kwa Kibondei. Tulimsikia usiku akizungumza na watu waliokufa kabla sijazaliwa. Baba anakielewa. Mimi najua salamu, majina ya vyakula, na matusi mawili. Hakuna aliyetuvisha bamba la chuma shingoni shuleni, kama lile ambalo Ngũgĩ anasimulia watoto wa Kikuyu walilivishwa, limeandikwa "mimi ni punda". Hatukuchapwa. Kiswahili kilikuja na redio, na siasa nzuri, na walimu tuliowapenda, na Shaaban Robert mwenyewe, mwana wa Tanga, akituambia titi la mama litamu. Titi la mama wa nani, sikuwahi kujiuliza. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Nyingi zinaondoka kimya kimya namna hii, bila mtu wa kumlaumu.

Hapo ndipo naona Ngũgĩ alipokosea kweli, na si mahali ambapo ujumbe wa mistari minne ulimtafuta. Alijua sana jinsi lugha inavyouawa kwa fimbo. Hakuitazama vya kutosha lugha inayokufa kwa mapenzi. Kiswahili alikiona kutoka Limuru, kama lugha ya jirani mwema. Angekiona kutoka Muheza au Bungoma, sidhani kama angeandika ile sentensi bila kuitilia angalau neno "lakini". Na pengine, nasema pengine, angekaa akakiandika, badala ya kukisifu, angeyagundua haya mwenyewe.

Nilimwandikia Mwalimu hayo, pamoja na bibi yangu. Nilimwambia kuwa kama angetuma shutuma hiyo badala ya ile ya mshahara, nisingekuwa na jumbe kumi na moja za kumjibu.

Alituma kicheko. Halafu akaniambia ile ya mshahara aliipokea kwa shemeji yake, akaituma kwa sababu ndiyo iliyokuwepo; ya kwake hakujua iandikweje kwa mistari minne. Akauliza kama ninayo *Shetani Msalabani*, kwa sababu nakala ya shule yao iliazimwa na haikurudi. Ninayo, ya 1982, imeng'oka jalada. Nilimpigia picha kurasa kumi za mwanzo, pale mpiga gĩcaandĩ, msimulizi wa riwaya hiyo, anaposita kusimulia kisa kwa kuwa kinaaibisha mno, na watu wanamsihi akisimulie. Saa nne usiku alama za bluu zilitokea. Saa tano akaandika, "Neno hili la ukurasa wa pili, sisi tunalo," akanitumia kwa Lubukusu, kisha la ukurasa wa tatu, kisha akaanza kuniuliza Kibondei kinasemaje, na ikabidi nimpigie baba simu, amelala.